Kusafisha Mabomba ya Kinu cha Nyuklia: Somo kwa Sharika za Kando ya Ziwa

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kwa haraka linaonekana haliko kwetu: namna mabomba ya kinu cha nyuklia yanavyosafishwa kwa kemikali. Ni kweli kwamba Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia. Kenya haina, Uganda haina. Barani Afrika kituo kinachotoa umeme wa aina hiyo ni kimoja, Koeberg cha Afrika Kusini, ambacho kilianza kazi mwaka 1984. Misri bado inajenga cha kwake.

Sababu ya kujifunza sasa ni hii. Kwa miaka kadhaa Kenya ilikuwa na mpango wa kujenga kinu Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi huko pwani. Wenyeji walikataa, mwaka 2024 maandamano yakaleta makabiliano na polisi, na mwaka 2025 macho ya serikali yakageukia Kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda nayo ina mpango wake huko Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Buyende iko chini ya mkondo wa Nile baada ya Jinja, kwa hiyo maji yake hayarudi kwetu. Siaya ni habari nyingine. Ziwa ni moja, na Mwanza tunakunywa maji ya ziwa hilohilo kutoka vyanzo vya Capripoint na Butimba.

Tangu habari hizo zisikike, wajumbe wametuuliza mengi. Wako wanaofikiri juu ya bomu, na wako wanaosema umeme ni umeme, tusitishane. Sisi tunaona kwamba swali linalofaa zaidi kwa kamati ni dogo kuliko hayo: uchafu wa kila siku wa mtambo kama huo unaondolewaje, na ukishaondolewa unakwenda wapi?

Uchafu wenyewe ni nini

Kila mama anayechemsha maji ya kisima chenye chumvi analijua gamba jeupe linaloganda ndani ya birika. Kinu cha nyuklia nacho kina gamba lake. Ndani ya kinu, fueli ya urani hutoa joto, na maji huzungushwa kwa pampu ili kulichukua joto hilo. Maji hayo hufika karibu nyuzi 300 za Selsiasi bila kuwa mvuke wote, kwa sababu yamebanwa kwa shinikizo kubwa. Katika hali hiyo hata chuma kisichoshika kutu hutoa kutu kidogo kidogo. Chembe za chuma, nikeli, kromiamu na kobalti hutoka kwenye mabomba na vali, husafiri na maji, kisha hupita katika kiini cha kinu.

Hapo ndipo zinapobadilika. Ndani ya kiini kuna mvua ya nyutroni. Kobalti ya kawaida ikimeza nyutroni moja huwa kobalti-60, ambayo hutoa mionzi mikali ya gama. (Ndiyo kobalti ileile iliyotumika miaka mingi katika mashine za kutibu saratani, kama zile za Ocean Road, Dar es Salaam. Kitu kimoja, mahali pawili.) Baadaye chembe huondoka kwenye kiini na kujishikiza ndani ya mabomba, pampu na mitambo ya mvuke, zikifanya utando mwembamba wa kutu wenye mionzi.

Kinu kinapowaka hakuna mtu anayesogea kwenye mabomba hayo. Shida huja kinapozimwa kwa matengenezo. Fundi wa kuchomelea, mkaguzi na msafishaji, wote hupokea mionzi kutoka ukutani mwa bomba, na kila mmoja ana kiwango cha mwaka ambacho sheria haimruhusu kukivuka. Kwa hiyo usafishaji huu ulibuniwa kwanza kwa ajili ya mikono na miili ya wafanyakazi.

Dawa za kusafishia

Dawa zinazotumika si ngeni kama mtu anavyodhani. Wazee wetu wanaikumbuka pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kusafishia vidonda na kuoshea mboga. Ndugu zake hutumika hapa. Katika vinu vingi utando una kromiamu nyingi, nayo ni ngumu kuyeyuka. Pamanganeti huigeuza iwe katika hali inayoyeyuka. Baada yake hutiwa asidi laini, mara nyingi asidi ya oksaliki, ambayo mafundi wengine huitumia kuondoa madoa ya kutu, au asidi ya sitriki, ile iliyomo katika limau. Asidi huyeyusha chuma kilichobaki cha utando. Dawa hupashwa joto na kuzungushwa ndani ya mabomba kwa saa nyingi, kisha mzunguko hurudiwa hata mara tatu au nne.

Nchi mbalimbali zilitengeneza njia zao. Waingereza walibuni moja inayoitwa LOMI, Wakanada CAN-DECON, Wajerumani CORD. Hatuna haja ya kuzikariri. Ila ile ya Wajerumani ina jambo moja zuri: mwisho wa kazi asidi ya oksaliki huvunjwa kwa mwanga wa urujuanimno pamoja na peroksidi ya haidrojeni, ikabaki maji na hewa ya kaboni, na hivyo taka hupungua.

Mafanikio hupimwa kwa hesabu rahisi. Kama kipimo cha mionzi kando ya bomba kilikuwa 50 kabla ya kusafisha na 5 baada ya kusafisha, gawanya: jibu ni 10. Kinu ambacho kitawashwa tena husafishwa kwa upole, maana dawa kali ingekula chuma chenyewe. Kinu kinachokwenda kubomolewa husafishwa kwa ukali zaidi.

Lakini je, umekwisha?

Wapendwa, hapa tunaomba tusome polepole. Asidi haikuiua kobalti-60. Hakuna kemikali inayoweza kufanya hivyo, kwa maana mionzi hutoka katika kiini cha atomu, na kemikali hugusa ganda la nje tu. Kilichotokea ni kwamba uchafu umetoka ukutani mwa bomba ukaingia majini. Kutoka majini unanaswa na chembe ndogo za resini, zinazofanana na mtama mwembamba. Walio Geita na Mwanza wataelewa haraka wakikumbuka mitambo ya kuchenjua dhahabu: sianidi huitoa dhahabu mchangani, kaboni huinasa kutoka kwenye maji ya sianidi. Tofauti ni kwamba wachenjuaji hushangilia kaboni iliyoshiba, na hawa wa nyuklia hubaki na resini iliyoshiba ambayo hakuna anayeitaka.

Resini hiyo huwekwa katika mapipa, mara nyingi ikachanganywa na saruji, na mapipa hupelekwa ghala lenye ulinzi. Kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27. Baada ya miaka 53 hivi hubaki sehemu moja katika elfu. Ni muda mrefu, lakini ni muda ambao ukuta mzuri na daftari linalotunzwa vizuri vinaweza kuuvuka. (Fueli yenyewe iliyotumika ni jambo jingine, tena zito zaidi, na siyo somo la leo.)

Mifano miwili inatufundisha kwamba kazi hii si ya mkato. Huko Marekani, kinu cha Dresden namba 1, jimbo la Illinois, kilizimwa Oktoba 1978 ili kifungwe vifaa vipya na kusafishwa kwa kemikali. Mwaka uliofuata ikatokea ajali ya Three Mile Island na masharti yakaongezeka. Usafishaji ulikamilika mwaka 1984, lakini wenye kinu walikuwa wamepiga hesabu wakaona kurekebisha mengine kungegharimu zaidi ya dola milioni 300. Kinu hakikuwashwa tena. Kikawa kisafi na kimekufa, na taka za kukisafisha zikabaki zikitaka mahali pa kuwekwa.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Katika kituo cha Paks, Hungaria, mitambo ya mvuke ilisafishwa kwa kemikali miaka iliyotangulia 2003. Usafishaji huo uliacha uso wa chuma ukiwa hauna utulivu. Chuma kikatoa kutu zaidi kuliko kawaida, na kutu hiyo ikaenda kuganda juu ya fueli. Basi fueli nayo ikahitaji kusafishwa. Tarehe 10 Aprili 2003, mafungu 30 ya fueli yalikuwa ndani ya tangi maalumu la kusafishia, chini ya maji. Kazi ilikuwa imekwisha, yakawa yanangoja kutolewa, na maji ya kupoza yaliyokuwa yakipita hayakutosha. Fueli ikapata joto kupita kiasi na kuvunjika. Gesi yenye mionzi ikatoka. Tukio liliwekwa daraja la 3 katika kipimo cha kimataifa chenye madaraja 7, na kuyatoa mabaki katika tangi lile kulifika hadi mwaka 2007. Hakuna aliyekuwa mzembe wa kutupa sumu mtoni, walikuwa wakisafisha.

Ya kwetu ya zebaki

Kama Siaya inaonekana mbali, tutazame ya hapa. Wachimbaji wadogo wa Geita na sehemu nyingine za Kanda ya Ziwa wametumia zebaki kwa miaka mingi kunasa dhahabu. Rwamagasa, Geita, ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa katika mradi wa dunia wa zebaki ulioendeshwa na shirika la UNIDO kuanzia mwaka 2002 hadi 2007. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya watu kula samaki wa ghuba iliyopokea maji ya kiwanda.

Mchimbaji akiunguza donge la dhahabu na zebaki juu ya moto wa jikoni, dhahabu hubaki safi. Anasema amesafisha. Zebaki imekwenda kwenye mapafu yake, ya mkewe na ya mtoto aliye mgongoni, na nyingine huanguka juani na mvuani mpaka mtoni. Kigida, kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye mrija unaopozwa kwa maji, huirudisha zebaki katika chupa. Nacho hakiiangamizi, kinaiweka mahali panapojulikana, na hilo ndilo jambo la maana.

Tena kuna marudio. Mchanga uliokwisha kupita kwenye zebaki huuzwa kwa mwenye mtambo, naye huumwagia sianidi ili apate dhahabu iliyobaki. Sianidi huyeyusha na zebaki pia, na kuisambaza mbali kuliko ingekwenda yenyewe. Mkataba wa Minamata umeitaja desturi hiyo miongoni mwa zile zinazopaswa kukomeshwa. Na tofauti na kobalti-60, zebaki haina miaka mitano wala hamsini ya kungoja ipungue. Miaka elfu ikipita, ni zebaki ileile. Kwa hiyo tunapowaomba wafadhili fedha za vigida, tunaomba pia nauli ya kurudi mialoni kuangalia kama vinatumika na chupa zinakwenda wapi. Tunajua sehemu hiyo ya bajeti haina picha nzuri ya kubandika ukutani.

Kwa ajili ya kikao

Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na ghala la taifa la mabaki ya mionzi liko Arusha chini yake. Mwaka huohuo wa 2003 nchi za Afrika Mashariki zilitia sahihi itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, inayozitaka zijulishane kabla ya miradi inayoweza kudhuru jirani, na Kamisheni yake iko Kisumu. Maana yake ni kwamba usharika wa Ukerewe au Sengerema una mlango wa kupeleka swali juu ya Siaya, kupitia halmashauri yake na wizara zetu.

Tunashauri kamati zijadili haya. Katika eneo la usharika, marudio yanatoka mwalo gani na yananunuliwa na nani? Mabwawa ya mitambo ya kuchenjua yako umbali gani na kijito, na mvua za masika zikija kingo zake zinahimili? Nani anaandika kiasi cha zebaki kinachonunuliwa na kinachorudi? Kuhusu Siaya: resini na mapipa ya kinu yatawekwa kando ya ziwa au yatasafirishwa, na kwa miaka mingapi nani atalipa mlinzi?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao pamoja na jina la kijiji na tarehe, nakala moja ibaki kwa katibu wa usharika na nyingine iletwe ofisi ya miradi ya dayosisi kabla ya kikao cha robo ijayo. Palipo na shule ya sekondari karibu, mwalimu wa kemia aalikwe. Wengi wao hufurahi kuombwa.