Istilahi za Fasihi ya Kale ya Kiingereza: Tuanzie na Zile Tulizonazo



Ndugu zangu, katika likizo hii sisi wanafunzi wachache wa vyuo tunaotoka Mahoko tumekuwa tukikutana kila Jumamosi baada ya Adhuhuri kupitia upya fasihi ya kale ya Kiingereza. Nimepewa kuongoza somo kwa sababu moja tu, nimewatangulia wenzangu mwaka mmoja. Kinachotukusanya ni mtihani. Wazazi wetu waliofika shuleni walisoma kwa Kifaransa, na serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, hakubaki mtu nyumbani wa kumuuliza. Basi wengi hukariri orodha ya istilahi kama namba za simu, na kikija kifungu ambacho hawajawahi kukiona, kalamu inasimama.

Njia tuliyoiona kuwa fupi ni kuanza na istilahi ambazo tayari tunazo. Tashbihi, istiara, mubalagha, kinaya: Kiswahili kimezipata katika elimu ya balagha, ileile ambayo baadhi yetu tuliionja madrasa. Wanabalagha huipa tashbihi nguzo nne: kinachofananishwa, kinachofananishwa nacho, chombo cha kufananisha (kama, mithili ya), na sifa inayoviunganisha. Ukificha mojawapo ya zile pande mbili za kwanza, umeingia kwenye istiara. Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078, aliyachambua haya kwa kina katika Asrar al-Balagha. Mhadhiri wako wa Kiingereza atakufundisha pande mbili za sitiari kwa majina aliyoyatoa I. A. Richards mwaka 1936. Majina hayo yajue, kwani ndiyo yatakayosahihishwa, lakini hesabu yenyewe ulishaifanya zamani.

Angalia mtego mmoja hapa. "Juma ni simba" ni sitiari kwa Kiswahili cha shuleni na kwa Kiingereza, ilhali mwanabalagha ataihesabu kuwa bado ni tashbihi, maana pande zote mbili zimetajwa. Katika karatasi ya Kiingereza jibu kwa kipimo cha Kiingereza.

Sasa Beowulf. Ni utendi wa mistari 3,182, na umetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, ya karibu mwaka 1000, iliyounguzwa kingo na moto wa mwaka 1731. Mstari wake hauna vina. Una vipande viwili na pumziko katikati, kama ukwapi na utao wa shairi letu, na vipande hivyo hushikanishwa na sauti zinazofanana mwanzoni mwa maneno. Usome kwa sauti, hata kama huelewi, ndipo utasikia kilichokusudiwa. Washairi wa zama zile walipenda pia kuita bahari njia ya nyangumi. Hiyo ndiyo keningi. Ipime kwa nguzo nne: bahari imefichwa, njia imewekwa mahali pake, na sifa inayoviunganisha ni kupitika.

Wenzangu walishangaa kwa nini shujaa anaingia ukumbi wa mfalme na kuanza kujisifu. Mnyarwanda asishangae. Icyivugo ni nini, kama si mpiganaji kusimama mbele ya watu na kuhesabu matendo yake? Majigambo hayo ni ahadi: aliyesema hadharani hawezi tena kurudi nyuma. Kuhusu yule jitu, Grendel, utendi unamnasibisha na mwana wa Adamu aliyemuua nduguye, ambaye sisi tunamjua kwa jina la Kabili. Ukiwa umesoma kisa hicho katika Suratul Maida, dokezo hilo halikupiti.

Neno kinaya ndilo linalotuponza zaidi. Katika balagha, kinaya ni kusema jambo na kukusudia lile linaloambatana nalo. Mfano wao maarufu ni mtu mwenye majivu mengi, yaani mkarimu, kwa kuwa jiko lake halizimiki kwa wageni. Katika Kiswahili cha shuleni, kinaya ni maneno au matukio kwenda kinyume na yanavyoonekana. Kwa Chaucer tunahitaji maana hii ya pili.

Chaucer alianza Hadithi za Canterbury kama mwaka 1387. Katika utangulizi anamleta Tabibu aliyesoma vitabu vya wakubwa wote wa fani, wakiwemo al-Razi, Ibn Sina na Ibn Rushd. Darasani tulifurahi kuwakuta wetu, na tuna haki. Lakini msomaji asiishie kwenye furaha. Tabibu huyo ana ushirika na wauza dawa, wanaingiziana faida, naye anaipenda mno dhahabu. Kinaya kinampiga yeye, na waandishi aliowasoma wamesalimika.

Kigumu zaidi ni hadithi ya Mwanasheria. Sultani wa Sham anaacha dini yake ili amwoe Constance, binti wa mfalme mkuu wa Roma. Mama yake Sultani anaapa kutoiacha sheria ya Qur'ani, kisha anawaua waliobadili dini, mwanawe akiwemo, wakiwa kwenye karamu, na kumtupa binti baharini. Msimulizi anamwita nyoka. Dada mmoja aliniuliza kama analazimika kuisifu hadithi hii ili apate alama. Nilimjibu kwamba halazimiki. Wala asiandike matusi, maana msahihishaji hapimi hasira.

Istilahi ya kushika hapa ni msimulizi. Anayesema ni Mwanasheria, ambaye Chaucer amemuumba, na kisa chenyewe kilikuwepo kabla, katika tarehe ya Nicholas Trevet. Hilo halimsafishi Chaucer, kwa kuwa ndiye aliyechagua kisa na kukipamba. Ila lina nguvu ukiliambatanisha na takriri ya tukio. Binti anafika Northumberland, Uingereza, anaolewa na mfalme Alla, na huko pia mama mkwe, Donegild, anaghushi barua na kumrudisha baharini pamoja na kichanga chake. Basi khiyana ileile imetendwa na mama wa Sham na mama wa Uingereza. Je, msimulizi anaulaumu Uislamu, anawalaumu mama wakwe, au anarudia tu umbo la kisa alilolikuta? Tulibishana mpaka Alasiri ikaingia. Mimi nashikilia kwamba lawama kwa Uislamu imo, na kwamba Donegild anaidhoofisha bila msimulizi kutaka. Dada yule hakukubali, na hoja zake ziliandikika vizuri kuliko zangu.

Jumamosi ijayo ni zamu ya mbolezi za Kiingereza cha kale, zile zinazolilia kumbi zilizobomoka. Mwenye nakala ya Al-Inkishafi aje nayo, tuyasome magofu ya Pate kando yake.

Wabillahi tawfiq.