Mtoto Akianguka Mtihani, Kosa ni la Nani?

Somo: Luka 2:41-52

Kila mwisho wa mwaka wa shule tunasikia maneno yaleyale. Mzazi anasema, "Mwalimu hafundishi." Mwalimu anasema, "Mzazi hafuatilii." Mtoto anabaki katikati, anarudia darasa.

Tuseme kweli: mzigo wa mwalimu ni mzito. Burundi ilipofuta malipo ya shule za msingi mwaka 2005, madarasa yalijaa. Tena watoto wetu waliotoka Kongo, hapa Bujumbura wanakuta Kirundi, halafu Kifaransa, na nyumbani tunasema Kiswahili. Mwalimu peke yake hawezi.

Tumtazame Yesu. Akiwa na miaka 12 aliketi hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Wazazi wake hawakusema, "Yuko kwa walimu, basi." Walirudi kumtafuta mpaka wakamwona, naye akaenda nao Nazareti, akawatii. Walimu walikuwa na sehemu yao, wazazi na yao.

Wengine wetu tunasema, "Sijui Kifaransa." Lakini tunaweza kufungua daftari na kuuliza, "Leo mmejifunza nini? Nieleze kwa Kiswahili." Tunaweza kuacha kumtuma binti sokoni saa za masomo. Tunaweza kumwona mwalimu kabla ya matokeo, siyo baada. Na walimu waliomo kati yetu wampokee mzazi mkimbizi bila dharau.

Maswali ya nyumbani:
1. Daftari la mtoto tulilifungua lini?
2. Mwalimu wake tunamjua kwa jina?

Bwana atusaidie. Amina.