Hesabu Kabla ya Kamera: Mwongozo wa Kupanga Video ya Muziki ya Wanafunzi

Mwongozo huu ni wa wakufunzi wanaosimamia kazi za vitendo katika vyuo vya sanaa na habari, na wanafunzi wanaopewa jukumu la utayarishaji. Unahusu siku zile za kabla ya kurekodi, kwa kuwa ndizo zinazoamua kama video itakamilika. Mifano yake imechukuliwa Bagamoyo, mji ambao sanaa imekuwa ikifundishwa chuoni tangu mwaka 1981, lakini hesabu zake zinafaa popote.

Wimbo wa dakika tatu na nusu huonekana kazi ndogo. Ufupi huo ndio unaowaponza wengi: kikundi hujaza daftari mawazo, hukodi kamera kwa siku moja, na jua likizama hugundua kwamba ubeti wa pili haujarekodiwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni kwamba mawazo hukatwa yatoshee muda, na hukatwa mezani kabla ya kufika eneo la kazi.

1. Hesabu ya muda

Kipimo cha siku ni mkao, yaani kamera, taa na waimbaji wakiwa wamepangwa mahali pamoja kwa ajili ya picha ya aina moja. Kila mara kamera inapohamishwa au taa zinapogeuzwa, huo ni mkao mpya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida za kazi kwa siku, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya siku moja na nyingine. Mwanafunzi si mwajiriwa, lakini hakuna sababu ya kumchosha kuliko mwajiriwa. Chukueni kipimo hicho hicho.

Saa 9, bila kuhesabu saa ya mapumziko, ni dakika 540. Ondoeni 60 za kushusha na kufunga vifaa asubuhi, 45 za kufungasha jioni, na 75 za kuhama eneo pamoja na akiba ya dharura. Zinabaki 360. Mkao mmoja huhitaji takriban dakika 25 za kupanga. Kuimba wimbo wote mara tatu ni dakika kumi na nusu. Ongezeni kufuta jasho, kurekebisha mavazi na kurudi mwanzo, zinafika 20. Jumla ni dakika 45 kwa kila mkao. Gawanyeni 360 kwa 45: mnapata mikao 8.

Kama maandishi yenu yana mikao 15, kuna njia mbili tu: ongezeni siku ya pili, au futeni 7. Anzeni kufuta ile inayodai kubadili mavazi. Kwaya ya watu 30 haibadili sare kwa dakika tano, hasa palipo na chumba kimoja cha kuvalia. Baada ya hapo, angalieni mikao isiyohitaji wimbo mzima. Mkao wa kiitikio peke yake huokoa muda mwingi.

2. Wimbo na haki zake

Msipange tarehe kabla wimbo haujakamilika studio. Mkirekodi video kwa wimbo wa majaribio, kisha mtayarishaji wa muziki akaongeza kasi au akafupisha kiitikio, midomo na sauti havitakutana tena.

Hakikisheni pia nani ana haki gani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtunzi ana haki zake, na aliyerekodi ana zake. Wimbo wa mtu mwingine huhitaji ruhusa ya pande zote mbili. Biti iliyopakuliwa mtandaoni ina mwenyewe hata kama ilipatikana bure; someni masharti yake. Ruhusa ya kuutumia wimbo darasani haitoshi kuupandisha mtandaoni, kwa hiyo ombeni ya matumizi mnayoyakusudia kweli. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, husajili kazi, na usajili huo husaidia sana kuthibitisha umiliki ukizuka mgogoro.

Kabla ya kurekodi, andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano kati ya wanafunzi, msanii na chuo: nani anamiliki video, itapandishwa kwenye akaunti ya nani, mapato yakitokea yatagawanywaje, na majina ya washiriki yataandikwaje. Wote watie saini.

3. Eneo na vibali

Nendeni eneo mara mbili. Mara ya kwanza tafuteni picha. Mara ya pili nendeni saa ileile mtakayorekodi, mkatazame mwanga, kelele, umeme, choo, kivuli na mahali pa kuegesha gari.

Barua ya utambulisho ya chuo ndiyo ufunguo wa kwanza. Ipelekeni ofisi ya serikali ya mtaa, mwonane na mtendaji au mwenyekiti, mweleze siku, saa, idadi ya watu na kama kutakuwa na spika. Mwenyekiti aliyearifiwa huwatetea mbele ya majirani; asiyearifiwa atakuja kuuliza mkiwa katikati ya mkao wa tatu.

Kuhusu kibali cha kurekodi, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaweka utaratibu wake chini ya Bodi ya Filamu. Andikeni mapema mkieleza kwamba ni kazi ya mafunzo na mpate jibu la maandishi. Neno la mdomo halioneshwi polisi. Magofu ya Kaole na mengine ya aina hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: ruhusa huombwa kwa wasimamizi wake, na hakuna kupanda juu ya kuta wala makaburi. Droni hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo ya bandari yasiingie kwenye picha hata kwa mbali.

Ufukwe nao una wenyewe. Wavuvi wana mnada, nyavu za kuanika na vyombo vya kushusha. Zungumzeni na viongozi wao, mpatane na mwenye chombo kama mnataka kukitumia, na mumlipe muda wake. Kamera isizuie mnada.

4. Jua, mvua na maji

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si msimu wa kupanga kazi ya nje isiyo na eneo mbadala. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nyepesi zaidi, lakini nayo inahitaji turubai na mkao wa ndani ulio tayari.

Karibu na ikweta jua hupanda upesi. Mwanga laini wa asubuhi haudumu, na kuanzia saa nne hadi saa tisa jua huchora vivuli vyeusi machoni na chini ya pua. Wakati huo fanyeni mikao ya ndani, barazani au chini ya mwembe. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki: asubuhi jua hutoka baharini, na mwimbaji anayeipa bahari mgongo hubaki na uso wenye giza. Jioni jua huwa upande wa mji, na mwimbaji huyo huyo huangaziwa usoni bahari ikiwa nyuma yake. Kwa hiyo pwani iwekwe mwishoni mwa siku.

Hapo linakuja suala la maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya pwani hii hupwa sana karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Mnaweza kufika saa tisa na kukuta mchanga mliouchagua umefunikwa. Takriban wiki moja baadaye, siku za maji mafu, bahari haipandi sana na saa zake hugeuka. Angalieni jedwali la maji kabla ya kutangaza tarehe, kisha muulizeni mvuvi mmoja.

5. Majukumu

Kila jukumu liwe na jina moja. Mwongozaji huamua picha na uigizaji. Mtayarishaji hushughulikia fedha, vibali, usafiri na chakula. Msaidizi wa mwongozaji hutunza muda, na ana mamlaka ya kusema mkao umekwisha. Mpiga picha huamua kamera na mwanga. Mwendesha sauti hucheza wimbo. Mtunza kumbukumbu huandika kila mrudio na kulinda picha zilizorekodiwa. Msimamizi wa mavazi hulinda mwonekano usibadilike toka mkao hadi mkao.

Mkufunzi ana kazi moja siku hiyo: usalama. Anaweza kusimamisha kazi wakati wowote, lakini haongozi picha. Akianza kuwapanga waimbaji, kikundi kitakuwa na waongozaji wawili, na mwanafunzi hatajifunza kuamua.

6. Sauti ya kufuatisha na kamera

Tumieni faili moja la wimbo siku nzima. Ongezeni mwanzoni mlio wa kuhesabu nne ili waimbaji waingie pamoja. Maikrofoni ya kamera iachwe wazi hata kama sauti yake haitatumika, kwani mhariri huitumia kulinganisha picha na wimbo. Kwa sababu hiyo hiyo, pigeni kibao au kofi mbele ya kamera kila mrudio unapoanza.

Spika iwe karibu na waimbaji. Sauti husafiri takriban meta 340 kwa sekunde, hivyo mcheza ngoma aliye meta 34 kutoka kwenye spika husikia mdundo ukiwa umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kamera inayochukua picha 25 kwa sekunde, hizo ni picha mbili na nusu, na macho ya mtazamaji huliona kosa hilo. Tumieni waya kuliko Bluetooth, isije ikakatika katikati ya kiitikio.

Mkitaka mwendo wa polepole huku midomo ikifuata wimbo, rekodini kwa picha 50 kwa sekunde na mcheze wimbo kwa kasi maradufu; video ikionyeshwa kwa 25, midomo na wimbo vitakutana. Waimbaji wafanye mazoezi ya kasi hiyo siku kadhaa kabla. Chini ya taa za umeme wetu wa mzunguko wa Hz 50, shata ya 1/50 au 1/100 hupunguza kumetameta. Pimeni mwanga kwa ngozi ya mwimbaji. Mkipima kwa kanzu nyeupe au mchanga, uso utazama gizani.

7. Watu, ridhaa na usalama

Kila anayeonekana kwa kutambulika atie saini fomu ya ridhaa inayosema picha zitatumika wapi. Aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi, na asipangiwe igizo la mapenzi wala pombe. Wanawake wapate chumba cha kuvalia chenye mlango unaofungwa. Mtu ana haki ya kukataa pozi au vazi, na hasukumwi mbele ya wenzake.

Jenereta iwekwe nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake una sumu. Nyaya zibandikwe chini. Hakuna kurekodi barabarani bila ulinzi wa polisi, wala kuingia majini bila mtu anayejua kuogelea na kuokoa. Spika izimwe wakati wa adhana, na mwezi wa Ramadhani ombeni ushauri wa mtaa kabla ya kupanga kazi ya hadharani. Maji ya kunywa na chakula cha mama lishe viagizwe mapema na kulipiwa. Kama bajeti haitoshi, punguzeni taa lakini chakula kibaki.

8. Mfano wa ratiba

Saa 2:00 hadi 3:00 asubuhi: kushusha vifaa, maelezo ya usalama.
Saa 3:00 hadi 6:00: mikao 4 ya ndani na barazani.
Saa 6:00 hadi 7:00 mchana: chakula, sala, kunakili picha za asubuhi.
Saa 7:00 hadi 8:15: kuhamia pwani, akiba.
Saa 8:15 hadi 11:15 jioni: mikao 4 ya pwani, miwili ya karibu na uso iwe ya mwisho.
Saa 11:15 hadi 12:00: kufungasha, kuhesabu vifaa, usafiri wa kurudi.

Mkao unaobeba kiitikio uwe wa kwanza au wa pili. Siku ikiharibika, video iwe na uti wa mgongo.

9. Picha na fedha

Mali bila daftari huisha bila habari. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 750 kwa dakika. Mikao 8 yenye dakika kumi na nusu kila mmoja ni dakika 84, yaani gigabaiti 63. Nakala mbili ni 126, na ziwe kwenye diski mbili zinazosafiri na watu wawili tofauti. Kadi isifutwe mpaka nakala zote zimefunguliwa na kutazamwa. Kila malipo yawe na risiti au saini, na asilimia 10 ya bajeti ibaki kwa dharura.

10. Uamuzi wa siku moja kabla

Jioni ya kuamkia kazi, mtayarishaji, mwongozaji na mkufunzi wakutane na kujibu maswali matano. Je, vibali vyote viko mkononi kwa maandishi? Je, wimbo wa mwisho uko kwenye vifaa viwili? Je, kila mshiriki amethibitisha kuja na anajua atakavyorudi nyumbani? Je, eneo mbadala la mvua lipo? Je, mikao iliyoandikwa haizidi ile iliyohesabiwa?

Swali la kibali likijibiwa hapana, kazi iahirishwe. Usafiri wa kurudi usipojulikana, nayo iahirishwe. Mengine yanaweza kurekebishwa usiku huo: mikao ikizidi, futeni hapohapo mkiwa bado mmekaa, na ratiba mpya isambazwe kabla ya saa tatu usiku, ili kila mtu alale akijua atasimama wapi na saa ngapi.