Hasira, Hofu na Upendo: Hisia za Wakazi Zinavyoamua Hatima ya Wanyamapori

Mnamo Mei 2023, simba kumi waliuawa katika muda wa wiki moja kwenye eneo la Amboseli, Kaunti ya Kajiado. Mmoja wao alikuwa Loonkito, dume wa miaka 19 aliyehesabiwa miongoni mwa simba wazee zaidi porini. Alichomwa mkuki katika kijiji cha Olkelunyiet baada ya kuingia bomani usiku kutafuta chakula. Siku chache baadaye, simba sita waliuawa Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja.

Habari hizo zilienea duniani kote. Watu wa mbali waliwalilia simba, wenye maboma wakawalilia mbuzi wao. Wengi waliosikia walikimbilia kuuliza ni nani wa kulaumiwa. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: ni nini huingia moyoni mwa mtu kati ya wakati anapoona mzoga wa mbuzi wake na wakati anaponyanyua mkuki?

Mazungumzo kuhusu uhifadhi kwa kawaida huhusu sheria, ua, doria na fedha. Yote hayo ni muhimu. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za taifa, katika ardhi ya jamii na ya watu binafsi. Huko hakuna askari wa wanyamapori katika kila boma. Uhai wa mnyama hutegemea hisia za mkazi anayekutana naye usiku.

Uchungu wa mfugaji hutoka wapi

Wahenga walisema hasira ni hasara. Kwa mfugaji, mambo huanza kinyume: hasara ndiyo huzaa hasira.

Kabla ya Mei 2023, maeneo kame ya Kenya yalikuwa yamepitia misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha. Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliangamia, na wanyamapori wanaokula nyasi vilevile. Mvua iliporudi, familia nyingi zilikuwa zimebaki na mifugo michache. Mawindo ya simba nayo yalikuwa yamepungua, na yaliyosalia yakatawanyika kufuata malisho mapya. Simba mwenye njaa akasogea bomani.

Familia yenye mbuzi 100 ikipoteza 11 huumia. Familia iliyobaki na mbuzi 20 baada ya ukame ikipoteza 11, imepoteza zaidi ya nusu ya karo, matibabu na chakula cha mwaka. Idadi ya mbuzi waliokufa ni ileile, lakini uchungu haulingani.

Ukubwa wa hasara si chanzo pekee cha hasira. Jambo la pili ni kuhisi kwamba hakuna anayesikia. Katika mabaraza mengi husikika kauli kwamba mnyama anathaminiwa kuliko mtu: simba akifa magari hufika haraka, mbuzi akifa hakuna anayekuja. Jambo la tatu ni faida. Mkazi anayegharamika kwa ajili ya simba bila kuona basari, kazi wala maji yanayotokana na utalii humwona simba kama mali ya mtu mwingine aliyeachiliwa kwenye zizi lake.

Si kila mnyama huchukiwa kwa namna moja

Simba huchukiwa kwa heshima. Katika mila ya Wamaasai, uwindaji wa simba, olamayio, ulikuwa njia ya morani kuonyesha ushujaa na kupata jina. Hata anayemuua simba humtambua kuwa mpinzani mkubwa.

Fisi hana bahati hiyo. Katika hadithi nyingi za watoto yeye ni mlafi na mjinga, na katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki anahusishwa na uchawi. Anadhaniwa kuwa hula mizoga tu, ilhali fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe. Dharau hiyo ina matokeo. Simba akiuawa huwa habari, lakini fisi akiuawa ni nadra mtu kuuliza.

Tabia ya mnyama pekee haielezi hisia hizo. Katika mji wa Harar, Ethiopia, fisi huingia mjini usiku kupitia matundu kwenye ukuta wa kale, hula mabaki barabarani, na kuna wanaume wanaowalisha nyama kwa mikono. Wakazi wa huko wamewazoea kwa vizazi vingi. Katika mji mwingine wa nchi hiyo, Mekelle, watafiti walikadiria kuwa fisi huondoa takriban tani 207 za mizoga kwa mwaka, na hivyo kupunguza hatari ya magonjwa kama kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe kwa watu na mifugo. Fisi wa Kajiado na fisi wa Harar ni mnyama mmoja. Kilichotofautiana ni yale ambayo watu wamefundishwa kumhusu.

Tumbusi naye, ndege wa mizoga, huonekana mchafu na mwenye nuksi. Kazi yake ni kumaliza mzoga kabla haujaoza na kueneza magonjwa. Utafiti kuhusu aina nane za tumbusi barani Afrika ulionyesha kuwa idadi yao ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo ya hivi karibuni. Sumu ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo kikuu.

Hapa ndipo hasira na dharau hukutana. Mtu aliyepoteza ng'ombe hupaka mzoga dawa ya kuua wadudu wa mimea, akilenga simba au fisi. Lakini sumu haichagui. Tumbusi wengi hushuka kwenye mzoga mmoja na kufa pamoja. Mbweha hufa. Mbwa wa boma, aliyekuwa akibweka kuwaonya wenyeji, naye hufa. Mtu anayeshika mzoga huo kwa mikono mitupu yuko hatarini pia. Usiku unaofuata boma halina mlinzi, na simba aliyeua ng'ombe huenda hakurudi kabisa kwenye mzoga ule.

Upendo nao huweza kusaidia au kudhuru

Mwaka 1989, Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Picha za moto huo ziligusa mioyo ya watu wengi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Wakati huo Kenya ilikuwa imebaki na ndovu wapatao 16,000. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 36,280. Ulinzi wa askari, sheria na upendo wa watu wengi kwa ndovu vilichangia matokeo hayo.

Lakini upendo wa mtu wa mbali haumfikii mkulima wa Kimana au Rombo anayeamka saa nane usiku na kukuta ndovu katikati ya mahindi yake. Anapoambiwa ampende ndovu kabla hajahakikishiwa usalama wa watoto wake, huona kwamba amedharauliwa, na chuki yake huongezeka.

Upo pia upendo unaomdhuru mnyama mwenyewe. Nyani anayelishwa mkate kando ya barabara hujifunza kwamba chakula hutoka kwa binadamu. Kesho huingia jikoni na kunyakua kilichomo, na mwisho wake huuawa kama mwizi. Anayemchukua mtoto wa swara aliyemkuta peke yake kichakani kwa kumhurumia huenda amemnyang'anya mama aliyekuwa ameenda kula karibu. Jambo sahihi ni kumwacha alipo na kuliarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Hisia hubadilika hali inapobadilika

Mfano ulio karibu ni wa Kitengela, kando ya Mbuga ya Nairobi. Kijana Richard Turere alipewa jukumu la kulinda ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, kisha sanamu ya mtu, lakini simba walizoea. Baadaye aligundua kwamba simba waliogopa mwanga unaotembea, kwani walirudi nyuma kila alipozunguka boma na tochi. Kwa kutumia betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha taa za kuonyesha za pikipiki na balbu ndogo, alitengeneza taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma. Mwaka 2013 alieleza hadharani kwamba awali aliwachukia simba, na kwamba taa hizo zilimwezesha kuishi nao. Chuki yake ilipungua baada ya ng'ombe kuwa salama.

Mfano wa pili ni wa Amboseli. Tangu mwaka 2007, mpango wa Lion Guardians umewaajiri morani kuwafuatilia simba, kuwaonya wachungaji simba wakiwa karibu, kutafuta mifugo iliyopotea, kuimarisha maboma na kuwatuliza vijana wanaojiandaa kulipiza kisasi. Simba hupewa majina ya Kimaasai. Heshima ambayo morani aliipata kwa kuua simba sasa anaipata kwa kumjua na kumlinda.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha njia mbili zilizotumika eneo hilo. Mahali palipolipwa fidia kwa mifugo iliyouawa, mauaji ya simba yalipungua kwa asilimia 87 hadi 91. Mahali morani walipohusishwa kama walinzi, yalipungua kwa asilimia 99. Fidia ilisaidia sana. Kuhusishwa na kuheshimiwa kulisaidia hata zaidi.

Kwa mawazo hayohayo, wazee na wahifadhi walianzisha Michezo ya Wamaasai mwaka 2012. Vijana hushindana kukimbia, kuruka juu, kurusha rungu na kurusha mkuki. Ushujaa bado unapimwa, ila hakuna simba anayekufa.

Matukio ya Mei 2023 yanaonyesha kwamba mafanikio haya si ya kudumu yenyewe. Ukame mmoja mkubwa unaweza kurudisha hasira iliyokuwa imetulia. Ndiyo maana maandalizi hufanywa kabla ya siku ya hasara.

Asubuhi baada ya hasara

Hasira huwa kali zaidi katika saa za kwanza. Hatua zifuatazo humsaidia mkazi kupata haki yake badala ya kujiongezea hasara.

1. Hakikisha watu na mifugo iliyosalia wako salama. Usimfuate mnyama kichakani, hasa aliyejeruhiwa.
2. Toa taarifa mara moja kwa kituo cha KWS kilicho karibu, kwa chifu au kwa skauti wa jamii.
3. Usiondoe mzoga wala kufuta nyayo kabla ya maafisa kufika. Piga picha kwa simu ikiwezekana. Huo ndio ushahidi wa dai la fidia.
4. Usiweke sumu, na ukijua aliyeweka, toa taarifa kabla ya mbwa, ndege au mtoto kudhurika.
5. Jaza fomu ya fidia na uhifadhi nakala.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linalosababisha ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, iwapo mnyama aliyehusika yumo katika orodha ya sheria hiyo. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Mifugo na mazao hufidiwa kwa kuzingatia bei ya soko. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwenye mali ambaye hakuchukua hatua zinazofaa kuilinda hawezi kulipwa. Kwa hiyo boma imara, lenye lango linalofungika, huzuia simba na pia hulinda dai la mwenyewe.

Malipo yamekuwa yakichelewa, na malalamiko ya wakazi kuhusu jambo hilo ni ya haki. Kila mwezi wa kuchelewa humfundisha mfugaji kwamba kutoa taarifa hakuna maana, na mkuki au sumu huonekana njia fupi. Afisa anayefika siku hiyohiyo, akampa mwenye boma pole, akaandika hasara yake kwa makini na kumweleza ukweli kuhusu muda wa malipo, huwa tayari ameanza kuituliza hasira hiyo.

Maswali ya kujadili barazani, shuleni na katika vikundi

- Ni mnyama gani anayechukiwa zaidi katika kijiji chenu, na chuki hiyo imetokana na hasara iliyotokea au na hadithi zilizosimuliwa?
- Katika mwaka uliopita, ni mifugo mingapi ilichukuliwa malishoni mchana na mingapi bomani usiku? Jibu litaonyesha kama kinachohitajika kwanza ni mchungaji au lango.
- Mtu akipoteza mifugo usiku wa leo, ni nani atafika kwake kwanza asubuhi, na atamwambia nini?
- Watoto wanasikia nini kuhusu fisi na tumbusi nyumbani, na shuleni wanafundishwa nini?
- Ni faida gani inayotokana na wanyamapori inayofika katika kila boma, na ni boma lipi ambalo halijafikiwa?