Mita ya Njano: Mafunzo Niliyopata kwa Kuifungua

Ukizunguka maduka ya Kariakoo au ukakaa na mafundi wa sola vijijini, hukosi kuiona DT830B, ile mita ndogo ya njano. Wengi huidharau. Mimi naitetea: inafanya kazi kubwa kuliko bei yake, ilimradi mwenye nayo ajue namba zake zinatoka wapi.

1. Mita haiijui volti, inalinganisha tu. Ndani yake kuna chipu ya ukoo wa ICL7106, mara nyingi imefunikwa kwa tone gumu jeusi. Chipu hiyo hulinganisha umeme unaopimwa na volti rejea ya milivolti 100 inayotoka humo humo ndani, kisha hutoa jibu lisilozidi 1999. Rejea ikishuka kwa asilimia 2, vipimo vyote vinapanda kwa kiasi karibu hicho hicho. Kwa fundi wa sola hilo si jambo dogo. Betri ya asidi ya volti 12 iliyotulia, ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Asilimia 2 hapo ni robo volti, yaani nusu ya pengo lote. Mteja anaambiwa betri yake iko vizuri, kumbe kila usiku inakamuliwa kupita kiasi, na hatimaye inakufa kabla ya wakati wake.

2. Betri ya mita kwanza. Ile ya volti 9 ikichoka sana, rejea huanguka nayo na mita husoma juu. Ukiirekebisha mita ikiwa katika hali hiyo, siku utakayoweka betri mpya itasoma chini. Kwa hiyo weka mpya kabla hujashika bisibisi.

3. Tafuta hakimu anayeaminika. Mita nzuri ya kuazima inatosha, au bodi ndogo yenye chipu ya rejea ya AD584, ambayo hutoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10. Chipu ya rejea ya TL431 ya kawaida siitumii kwa kazi hii, kwa kuwa yenyewe inaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 2.

Ninavyofanya ni hivi. Nachukua betri mpya ya AA ya alkali, ambayo huwa na karibu volti 1.6, naziunganisha mita zote mbili kwa wakati mmoja, na ile ya njano naiweka kwenye nafasi ya 2000m. Hapo inaonyesha kama 1600, na kila tarakimu ni milivolti moja. Kwenye 20 ingeonyesha 1.60 tu, na kosa dogo lingejificha. Kisha nazungusha taratibu ile resista ndogo ya kurekebishia, ambayo kwenye bodi nyingi imeandikwa VR1. Ukigusa kidogo tu namba inaruka, kwa hiyo naondoa bisibisi, nasubiri itulie, ndipo nasoma. Zikilingana, nadondoshea rangi ya kucha ili isisogee kwa mtikisiko wa pikipiki.

Baada ya hapo pima volti 12 kwenye 20. Kama 2000m iko sawa na 20 imekosea, usirudi kwenye VR1: tatizo liko kwenye resista zinazogawa volti.

4. Usiilishe mita kwa umeme ule ule unaoupima. Mafundi wengi hutaka kuitoa ile betri ya volti 9 na kuiunganisha mita na betri ya sola moja kwa moja. Lakini COM ya chipu hii si hasi ya betri yake. Iko karibu volti 3 chini ya chanya. Ukiunganisha COM na hasi ya betri unayoipima, umeivuruga rejea yenyewe. Ukitaka chanzo kingine, kiwe kimejitenga kabisa.

5. Waya za kupimia ndizo za kubadilisha mapema. Zinazokuja na mita ni nyembamba na hukatika shingoni. Waya laini za silikoni zinalipa. Unapopima omu ndogo, gusanisha ncha kwanza, soma, kisha toa kiasi hicho kwenye jibu.

6. Inapopima volti, DT830B ina ukinzani wa megaomu 1, si 10 kama mita kubwa. Chukua resista mbili za megaomu 1 zilizofuatana kwenye volti 9: katikati pana volti 4.5, lakini mita itakwambia 3. Hakuna urekebishaji utakaoondoa hilo.

7. Tundu la 10A, kwenye mita nyingi za aina hii, halina fyuzi. Nyuma yake kuna kipande cha waya mnene tu. Kuongeza fyuzi yake ni marekebisho ninayoyapenda kuliko yote, lakini hata ukiiweka, usipime umeme wa ukutani wa volti 230 waya ikiwa bado kwenye tundu hilo. Ukimaliza kupima ampia, rudisha waya kwenye tundu la volti kabla hujaiweka mita chini.