Bonyeza, Gusa, Pangusa: Vitenzi vya Simu ya Kioo cha Mguso

Makala haya yanadai kwamba wepesi wa kutumia simu ya kioo cha mguso haupimwi kwa kioo pekee, bali pia kwa kitenzi kinachomwelekeza mtumiaji. Kitenzi *bonyeza* huashiria kitu kinachodidimia, mathalani kitufe. Katika simu nyingi zilizofuata iPhone ya mwaka 2007, kioo hakididimii. Huhisi badiliko la umeme litokanalo na ngozi ya kidole, wala hakitambui ukucha mtupu. Hivyo, anayetii agizo la *bonyeza* kwa kukandamiza kidole na kukishikilia huibua amri nyingine kabisa. *Gusa* ndicho kitenzi faafu. Wasemaji wa Tanzania, bila kungoja kamati yoyote ya istilahi, waliiita *simu ya kupangusa*: jina hili lataja kitendo chenyewe, ilhali *simujanja* lasifu tu.