Vaiza za gari zimepiga ukungu: zisuguliwe au zibadilishwe?

*Naendesha teksi mtandao hapa Dar es Salaam, gari ni Toyota IST. Vaiza za madirisha zimepauka, na usiku taa za gari la pembeni zikipiga pale kwenye kona ya kioo sioni vizuri. Fundi wa mtaani aliifuta ya nyuma kushoto kwa petroli. Iling'aa siku hiyo, sasa imejaa vistari visivyofutika. Wenzangu wananiambia nitumie dawa ya meno. Zinarudi hizi, au ninunue mpya? – Dereva, Tabata*

Ndugu yangu, kabla hujatoa hela yoyote, tafuta chupa ya maji. Osha vaiza moja kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke, kisha imwagie maji safi na uitazame ikiwa bado imelowa. Ukungu ukipotea, halafu ukarudi maji yakikauka, ubovu uko juu juu tu. Uso wa plastiki umechubuliwa na vumbi na matambara machafu, na kila mchubuko unatawanya mwanga. Maji yakijaa humo, mwanga unapita sawasawa. Vaiza ya namna hiyo inarudi. Ikibaki na weupe au vistari hata ikiwa imelowa, ubovu umeshaingia ndani, usipoteze nguvu zako.

Hiyo ya nyuma kushoto naiona imeshakwenda. Vaiza nyingi ni za akriliki, plastiki inayovumilia jua miaka mingi lakini haipatani kabisa na petroli, thina wala asetoni. Vitu hivyo huipasua nyufa nyembamba ndani kwa ndani, hasa pale ilipokunjwa. Kinachoniuma ni kwamba mafundi wengi bado wanafuta hivyo kwa nia njema, na mteja anaondoka akiwa ameridhika kwa sababu plastiki iliyolowa lazima ing'ae. Tafadhali, mtu asiziguse hizo tatu zilizobaki kwa petroli.

Dawa ya meno ina unga laini wa kusugulia, kwa hiyo wenzako hawakudanganyi. Inaondoa ukungu mwepesi. Kwa vaiza iliyopauka kama ulivyoeleza, utasugua mpaka mkono uchoke.

Nunua msasa wa maji, namba 1000, 1500, 2000 na, ukiipata, 3000. Egesha gari kivulini, bandika selotepu ya karatasi kwenye rangi ya mlango kuizunguka vaiza, maana msasa ukiteleza utajeruhi rangi. Namba 1000 itumie tu kama kuna mikwaruzo inayokwamisha ukucha. Vinginevyo anza na 1500. Loweka msasa, uzungushie kipande cha sponji, sugua kwa mistari iliyonyooka huku ukimwagia maji yenye tone la sabuni. Yatatoka maji meupe kama tui. Hiyo ni plastiki iliyokufa inatoka, na kwa wakati huo vaiza itaonekana mbaya kuliko ulipoanza. Usiogope, wala usiishie hapo. Isuuze vizuri, maana punje moja ya msasa uliotangulia ikibaki itaharibu hatua inayofuata. Ukihamia namba nyingine, geuza upande wa kusugua: kama ulikuwa unakwenda kwa urefu, sasa nenda kwa mshazari. Mikwaruzo ya zamani ikishapotea yote, ndipo uendelee.

Malizia na kompaundi ya kung'arishia rangi ya gari, kwa mkono na kitambaa laini. Mashine nayo inafaa ikienda polepole bila kukaa sehemu moja, kwa kuwa akriliki hulainika ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na msuguano unazalisha joto haraka. Kisha paka nta, urudie mara kwa mara, kwa sababu gari lako linaoshwa sana.

Upande wa ndani ndio watu wanaousahau. Shusha kioo chote, pitisha mkono na kitambaa chenye sabuni. Pale hukaa vumbi na ukoga wa miaka, na mara nyingine ukungu unaolalamikiwa wote uko huko.

Anza na za mbele, kwa kuwa ndizo zinazokuzuia kuona. Ya nyuma kushoto utaibadilisha. Mara nyingi huuzwa kwa seti, kwa hiyo ulizia pia vaiza moja iliyotumika kwa wauza spea wa Gerezani. Kuitoa, usiichokonoe kwa bisibisi. Kagua kwanza kama ina klipu, uzifungue, halafu pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, uuvute huku na huku kama msumeno mpaka gundi ikatike. Gundi itakayobaki mlangoni isugue kwa kidole gumba, itajiviringa na kutoka.